Kingamwili ya Mapaja Manne

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzika, Evaristo aliteremka Kibiti na chupa ya chai iliyojaa barafu. Ndani ya barafu mlikuwa na vichupa vitano vyenye maandishi ya Kizungu. Alikuwa amefukuzwa kazi ya kufagia maabara moja huko Dar es Salaam, na vichupa alivitoa kwenye pipa la taka, muda wake umekwisha. Wasomi wakiviita kingamwili. Ukiidondosha juu ya nyama ya kifaranga aliyetolewa ndani ya yai, hunasa protini inayotoa amri ya kuota miguu, nawe ukaona ilipo. Kuona tu. Haioteshi hata ukucha.

Pale stendi akamwona Bi Siti, muuza kuku wa kukaanga, anagombezwa na abiria. Kila mmoja anataka paja. Vidari vinapoa kwenye sinia. Evaristo akashusha pumzi kama mtu aliyeitwa kwenye utume.

"Mama, kosa si lako. Kosa ni kuku kuwa na mapaja mawili."

"Wewe ungempa mangapi?"

"Manne. Tone moja la kingamwili juu ya ganda la yai, na amri ya miguu inatoka mara mbili."

"Si kufuru hiyo?"

"Sayansi, mama. Kufuru ni kumnyima msafiri paja."

Majogoo kumi na manane ya Bi Siti yakabadili mwenyewe, kwa vichupa vile. Evaristo akavuka nayo mto, akayauza Chumbi, akanunua baiskeli na redio kaseti. Nia yake ilikuwa kuambaa kusini, lakini mvua ikakata barabara ya huko. Ikambidi arudi Dar kwa njia aliyoapa kutoipita mwaka mzima.

Wiki ya nne basi likasimama Kibiti. Akajifunika kofia usoni.

"Daktari!" Bi Siti huyo dirishani. "Nimekuulizia mpaka Ngarambe! Shuka uone."

Kikapuni alikuwamo kifaranga mwenye miguu minne: miwili ya kukanyagia, miwili nyuma, imelegea kidogo. Evaristo akainamia kikapu. Kumbe inafanya kazi! Wasomi wale, na vyeti vyao vyote, hawakuwahi kujaribu juu ya ganda! Akayaona mashamba makubwa ya kuku, na matajiri wakimpigia magoti.

"Mama," akasema, "vile vichupa vilikuwa vya majaribio. Vina madhara. Nirudishie."

"Vimebaki vinne. Nitavirudishaje hivihivi, baba, na majogoo yangu yamekwenda?" Macho yake yalikuwa juu ya paa la basi, ilikofungwa baiskeli na redio.

Kwa vichupa, baiskeli ikashuka. Kwa kifaranga, ikashuka redio. Bi Siti akafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Mtunze, daktari. Jua kali lisimpate."

Walipofika Mkuranga jua lilikuwa utosini. Jirani yake kitini, mfugaji, akaomba amshike kifaranga yule wa ajabu. Akamgeuza, akamnyanyua, na mguu mmoja ukambakia mkononi, unanata ulimbo wa kunasia ndege.

"Kaka," akauliza, "mbona kuku wako ana vipuri?"

Evaristo aliutazama mguu ule na ulimbo wake. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa tumbo zima, mpaka abiria wakageuka.

"Konda, shusha!"

"Umesahau mzigo?"

"Hapana," akasema, anajifuta machozi. "Nimemwacha mwalimu wangu Kibiti."