Kanuni ya Neno Moja

Jumatatu, 8 Novemba 1954

Nimepoteza wanafunzi tisa. Juzi Jumamosi, saa nane mchana, walikuwa kumi na mmoja kwenye banda langu la mizani. Leo, saa nane ileile, wamekuja wawili. Mmoja ni Eunike, binti yangu, ambaye hana pa kukimbilia. Mwingine ni Lomayani wa Ephraimu, ambaye nadhani hakupata habari.

Wako kwa Mwalimu Sifael! Barazani kwake! Mke wangu Ndeshi ndiye kanieleza, huku anamenya ndizi bila haraka, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Ati Mwalimu ameanza kuwafundisha hesabu za maneno baada ya masomo. Bure. Na mimi je, nafundisha kwa nini? Bure! Ila bure yangu ina miezi minne, yake ina siku moja.

Sifael kaja kutoka Kilimanjaro na cheti cha ualimu na kaptula iliyopigwa pasi mpaka unaweza kuikatia mkate. Mimi nilitolewa darasa la pili kwenda kuchuma kahawa ya mzungu. Hesabu nilijifundisha mwenyewe, kwenye mizani. Leo ndimi mpima kahawa wa chama cha ushirika, na hakuna mtu huku mlimani aliyewahi kunikamata na kosa la nusu ratili. Melkizedeki Sumari. Muulize yeyote.

Mtihani wa darasa la nne ni Jumatatu ijayo. Watoto ishirini na tisa. Nafasi za shule ya kati ni sita. Ishirini na watatu watarudi migombani. Eunike hatarudi migombani. Nimesema.

Nasikia Sifael anawaambia wasome swali polepole, wasome tena, kisha wachore picha. Picha! Wanakwenda darasa la tano au wanakwenda kupaka rangi kanisa?

Jumanne, 9 Novemba

Nimepata! Imenijia nikiwa nimeshika jiwe la mizani. Swali la maneno ni kama sungura kichakani. Huna haja ya kichaka chote. Shika masikio tu.

Kila swali lina neno moja linalolisaliti. Ukiona JUMLA, jumlisha. Ukiona TOA au BAKI, toa. Ukiona GAWANA, gawanya. Ukiona MARA, zidisha. Yaliyobaki ni maneno ya kumpa mtungaji kazi.

Nimeiita Kanuni ya Neno Moja. Nimewajaribu Eunike na Lomayani hapohapo. Maswali kumi, na sikuwa nimemaliza kupima kahawa ya watu watatu! Kumi yote sahihi! (Maswali niliyatunga mimi.)

Eunike akauliza kama si vizuri kusoma na maneno mengine. Nikamwambia anayesoma yote huchelewa, na anayechelewa huchuma kahawa. Akainamia kibao chake, akasoma swali tena. Ana ukaidi kama mama yake.

Jumatano, 10 Novemba

Nimeitangaza Kanuni kwa kila mkulima aliyeleta kahawa. Foleni ilikuwa ndefu, hawakuwa na pa kwenda. Hadi jioni watoto sita wamerudi! Pamoja na Lomayani na Eunike, wanane. Sifael kabaki na watatu wangu na wachoraji wake wengine.

Amepita mwenyewe bandani saa kumi. Kanisalimu kwa heshima, jambo linaloudhi sana. Akasema Baba Eunike, nasikia unawafundisha watoto wasisome. Nikamjibu nawafundisha kushinda. Akasema basi tuwashindanishe. Nikasema lini. Akasema Ijumaa, uwanja wa shule, mbele ya wazazi. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Maswali atatunga Mama Pudensiana, mwenye duka la njia panda. Mkatoliki, kwa hiyo hana upande kati yetu Walutheri. Tena anahesabu haraka, namkubali.

Ndeshi ameniuliza kwa nini nimemweka mtoto kwenye mashindano siku tatu kabla ya mtihani. Hii si mashindano, nikamwambia. Ni kumnoa. Akasema kisu kikinolewa sana kinabaki mpini.

Ijumaa, 12 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Wazazi walijaa. Watoto wangu wanane kushoto, wa Sifael kulia, kila mtu na kibao chake. Mama Pudensiana kasimama katikati na kikapu mkononi, kama yuko dukani.

Swali la kwanza: Thomasi ana ndizi 35, Maria ana 28, jumla ni ngapi? Wangu 63, kabla wa Sifael hawajamaliza kuchora mkungu. La pili: watoto wanane wanagawana machungwa 72. Wangu tisa! La tatu: Mika ana mbuzi 12, baba yake ana mara tatu ya hao. Wangu 36! Nilitazama pembeni nione uso wa Sifael. Alikuwa anasafisha miwani. Mzee mmoja akanipiga bega, akaniita Mwalimu. Mwalimu! Nilikuwa na dakika moja ya furaha katika mwaka huu wa 1954 na ndiyo hiyo.

La nne. Mama Pudensiana akatazama kikapu chake, akasema: Mama mmoja alikwenda sokoni Tengeru na mayai 48. Mara akateleza kwenye tope, mayai sita yakavunjika. Alibaki na mayai mazima mangapi?

Nililisikia lile neno. Nikalisikia likitoka na sikuweza kulirudisha.

Vibao vinane vikainuka kwa pamoja, kama askari. Mia mbili themanini na nane.

Halafu Ephraimu, na mtoto wake mwenyewe yuko upande wangu, akauliza kwa sauti tulivu sana kama huyo mama hawezi kuja kuteleza na kwake. Uwanja ukalipuka! Mwingine akasema kuku wake amezeeka, atamwacha, afuge tope. Mama Pudensiana mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Wa Sifael walikuwa na 42, na picha ya mama kalala chali, miguu juu.

Nilipaza sauti kwamba swali lina hila. Kwamba kuna BAKI na kuna MARA, na mara imetangulia. Hakuna aliyenisikia.

Njiani, tulipovuka kijito cha pili, Eunike akaongea. Akasema alijua ni 42. Alikwisha kuiandika. Kisha akainua macho akaniona namtazama, akaifuta kwa kiganja, akaandika 288.

Nimeandika hilo hapa na silielewi. Kwa nini afute?

Neno ndilo lenye kosa. Mtu gani mwenye akili anatumia neno moja kwa kuzidisha na kwa kuanguka?

Jumamosi, 13 Novemba

Nimerekebisha Kanuni. MARA ikifuatwa na namba, zidisha. MARA ikifuatwa na mtu kuanguka, toa. MARA ikifuatwa na mtu kuokota, jumlisha. MARA ikifuatwa na mvua, subiri sentensi inayofuata. Kufikia saa nne asubuhi nina kanuni kumi na nne. Ndeshi kasema mpaka mtoto azikumbuke zote atakuwa amekwisha kusoma swali. Nikamwambia hajui hesabu.

Wanafunzi: Lomayani peke yake. Eunike hayupo! Mama yake kamruhusu kwenda kwa Sifael. Bila kuniuliza! Nikampa Lomayani kanuni zote kumi na nne azikariri, nikapanda kwenda kuona.

Sikwenda kupeleleza. Nilikuwa nyuma ya ua wa miti ya masale wa Sifael, nafunga kamba ya kiatu. Nikasikia anasoma: gari la ng'ombe limetoka na magunia 15. Lilipofika Kisongo likashusha manne, likapakia mapya saba. Kila gunia ratili 120. Limefika na ratili ngapi?

Elfu mbili mia moja na sitini! Ilinitoka kabla sijajizuia. Ilipita juu ya masale kama jiwe.

Kisha Sifael, taratibu: karibu, Baba Eunike, mlango uko huku.

Niliingia na kamba ya kiatu mkononi. Watoto wakaniamkia shikamoo, wote kwa pamoja, midomo imebana kicheko. Akaniomba niwaeleze nimepataje. Rahisi, nikasema. Niliona gari limesimama Kisongo. Ng'ombe wa kulia kachoka. Nikaona manne yanashuka, kumi na moja yamebaki nyuma, saba yanapanda, ikawa kumi na nane, na kila moja nikaliweka kwenye mizani.

Sifael akasema: yaani ulichora picha.

Sikuchora kitu! Nilikuwa na chaki? Yale ni magunia, nikamwambia, si picha. Eunike alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kama ananihurumia. Nikamwambia nyumbani saa kumi na moja, nikaondoka.

Jumatatu, 15 Novemba

Mtihani. Nilifunga mizani. Miaka saba sijawahi kuifunga. Nilisimama nje ya shule toka saa mbili mpaka saa sita, mvua ya rasharasha, mlima wote umejifunika. Wazazi wengine nao wamesimama. Hakuna aliyetaja mayai. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Eunike katoka wa mwisho. Nikamuuliza moja tu: swali lililowatesa wenzake. Akasema la saba. Mzee ana kondoo 56. Asubuhi alitoa kondoo 14 kwenda malishoni. Jioni wakarudi wote. Zizini jioni kuna wangapi?

TOA! Neno liko wazi kama jua! Arobaini na mbili! Lomayani, aliyesimama karibu, akasema ameandika hiyohiyo, 42. Nikamshika mkono. Mtoto hodari.

Eunike kaandika 56.

Nikamuuliza neno ALITOA hakuliona? Akasema aliliona. Nikasema sasa? Akasema wamerudi, Baba.

Ninajua wamerudi! Zizini kwangu mimi jibu ni 56, sina ubishi. Lakini mtihani si zizi! Mtihani unataka neno! Nafasi sita, na yeye kaitupa moja kwa ajili ya kondoo waliorudi!

Sikula. Ndeshi alikula chakula changu.

Ijumaa, 3 Desemba

Siku kumi na nane bila matokeo. Nimekosea kupima. Ratili tatu! Mtu kanirudishia gunia na kunionyesha. Eunike anachota maji, anaimba, anachota tena. Anaimbaje?

Jumamosi, 4 Desemba

Matokeo yamebandikwa mlango wa shule saa tatu. Nilianza kusoma kutoka chini, maana nilijua. Ishirini na tisa, ishirini na nane, ishirini na saba... Lomayani wa saba. Kapitwa kwa alama moja tu! Moja! Nikaendelea kupanda.

Wa sita: Eunike Melkizedeki.

Nilisoma mara tatu. Nikamwita mtu anisomee.

Sifael alikuwa pale. Kaniambia watoto saba tu ndio waliopata swali la saba, na kwamba Lomayani angekuwa ndani kama asingelikosa. Ephraimu alipita karibu yangu na mwanawe, hakunisalimu. Nimempimia kahawa miaka saba. Nadhani Lomayani hakuikariri ile kanuni ya kumi na moja.

Eunike nilimwinua juu, mzima mzima, umri wake huo. Alicheka. Nikamuuliza sikioni: neno gani? Akasema hakuna neno, Baba, niliwaona tu kondoo. Anaficha. Kafundishwa kuficha!

Nimemwandikia Sifael barua, naipeleka sasa hivi kabla hajaenda kwao likizo. Nainakili hapa ili asije akakana:

Mwalimu Sifael,
Binti yangu alipata swali la saba. Kwa hiyo alikamata neno, na neno hilo halimo katika kumi na nne zangu. Naomba unitajie ni neno lipi. Usinichoree. Usinieleze habari za kondoo. Neno moja, kwenye karatasi, mkononi mwangu, Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, maana saa nne na robo watoto kumi na wawili wa darasa la tatu wanaanza kwangu.