Kupaa Mara Mia Tatu, Kutua Bado

Jumatatu, 7 Aprili

Hukumu imetoka leo jioni, sahani zikiwa bado mezani. Mke wangu hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua la kufanya. Alisema kwa upole kwamba amechoka kushonea sebuleni, kwamba amepata kazi ya sare za shule nzima, na kwamba anakitaka chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma! Chumba changu! Ndimo ilimo ndege yangu.

Kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakufa: ndege ni ya kwenye kompyuta, lakini urubani ni wa kweli. Miaka miwili sasa. Nimepaa mara mia tatu na kumi na mbili. Kutua, bado. Si kosa langu. Kompyuta niliipata shule fulani ilipouza vitu chakavu, na bado ina kibandiko: "Usiguse. Mwalimu Mkuu." Skrini ni sawa na sinia ya chai. Naongoza kwa kibodi na mausi. Nani amewahi kutua salama kwa mausi?

Nikamweleza hayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa masharti. Baba yake anakuja Jumapili. Nikitua mara moja mbele ya mzee, chumba ni changu mpaka siku ya kuzikwa. Nikianguka, cherehani inaingia Jumatatu asubuhi. Na kwa kuwa kila siku nalilia vifaa, ninunue kifaa kimoja cha kujiandaa. Akarudia: kimoja. Akanyoosha na kidole, nisije nikadai sikuelewa.

Nimekubali. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumanne, 8 Aprili

Kazini (mimi ni mtunza stoo ya rangi, kazi ambayo haijawahi kumpatia mtu sifa) nimechora jedwali nyuma ya fomu ya kupokelea mzigo. Vifaa vinne vinagombea. Skrini pana. Kadi ya picha, kile kipande kinachoifanya kompyuta ichore mawingu yakafanana na mawingu. Usukani. Na pedali za miguuni, za kugeuzia pua ya ndege ikiwa chini. Nikavipa alama, kati ya kumi. Vyote vimepata kumi. Jedwali limenisaidia sana! Bosi akaichukua fomu, akaigeuza, akaisoma yote, akaniuliza tumeanza lini kuuza ndege.

Mchana nikaenda kwa mfamasia wa ng'ambo ya barabara. Simpendi, na siku nyingine naona raha kutompenda. Naye anarusha. Ana skrini tatu, anataka aitwe Kapteni, na hutua kila siku kisha hunitumia picha. Nikamuuliza kijuujuu, kama mtu asiye na shida, yeye angenunua nini. Akajibu bila kufikiri: kadi ya picha.

Nikashtuka. Kwa nini ananisaidia? Ni wazi anataka nianguke, kwa hiyo nisinunue kadi. Lakini yule mjanja, atakuwa amejua nitafanya kinyume, kwa hiyo ninunue. Je, kama amejua kwamba nitajua? Niliwaza hilo katikati ya barabara mpaka mwenye pikipiki akanitajia wazazi wangu kwa namna isiyopendeza. Nimeagiza kadi.

Jumatano, 9 Aprili

Kadi imefika! Ina feni mbili na taa ya buluu. Nimeipakata kama mtoto mchanga. Haiingii.

Imezidi kasha la kompyuta kwa vidole viwili. Nilisoma kila kitu kuhusu kadi hiyo isipokuwa urefu. Basi nikachukua msumeno. Mke akauliza kutoka sebuleni ni nini kinalia hivyo, nikamjibu ni marekebisho ya kiufundi. Sasa kasha lina tundu ubavuni na kadi inachungulia nje kama mbea. Kibandiko kimekatwa kati. Kimebaki "Mwalimu Mkuu" peke yake, ananitazama.

Nikawasha. Lo! Mawingu ya pamba! Ziwa linameremeta! Nikateremka taratibu, roho juu, nikagonga mti. Zamani ningegonga kitu cha kijani tu. Leo nimeliona kila jani. Hayo ni maendeleo, hata kama mtu hataki kuyaona.

Alhamisi, 10 Aprili

Uchunguzi umekamilika. Kadi haina hatia. Mimi sina hatia. Tatizo ni miguu: imekaa bure. Ninahitaji pedali. Lakini kidole cha mke wangu bado nakiona.

Ndipo likanijia wazo, na sioni haya kuliita la kipaji. Nimekatazwa kununua. Sijakatazwa kuazima! Mfamasia ana pedali zake za zamani kabatini. Akakubali, kwa sharti kwamba nimpigie saluti dukani kwake, mbele ya wateja, nikisema kwa sauti "Heshima yako, Kapteni." Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Wateja walikuwa watatu. Bibi mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi akaniuliza kwa huruma kama dawa zangu zimeniishia.

Nikazibeba pedali ndani ya gunia. Mlangoni, mke. Akauliza nimebeba nini kizito hivyo. Ulimi wangu una kimbelembele, hausubiri akili. Nikasema vifungo. Vifungo! Nimemwambia fundi cherehani mwenye sare mia mbili za kushona kwamba nimemletea gunia la vifungo! Macho yakamng'aa. Akasema hakutarajia kama ningemkumbuka. Akataka kuviona. Nikasema ni zawadi, mpaka Jumapili. Nilijisikia vibaya kweli, kwa kama dakika tano.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya tumbo. Pedali nimeziweka sakafuni. Nikaketi. Nikakanyaga. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Kiti changu ni cha ofisi, cha magurudumu. Kadiri ninavyokanyaga ndivyo ninavyoiacha ndege. Nikakifunga kiti kwa kamba kwenye meza. Kiti kikatulia, pedali zikatorokea uvunguni. Nikaziegemeza pedali ukutani. Zikatulia, lakini miguu haikuzifikia. Mtu mwingine angekata tamaa. Mtu mwingine, asiye na hadhi, angeleta kigoda cha jikoni. Rubani haketi kwenye kigoda.

Saa nne nzima za fikra. Nimefungua kamba, nimesogeza meza, nyayo zikaelekea ukutani, mgongo wa kiti ukaegemea mlango uliofungwa. Pedali hazina pa kwenda, kiti hakina pa kwenda. Wanaosema chumba hiki ni chembamba hawana macho ya kihandisi.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nimetua! Karibu. Mita thelathini kabla ya uwanja, ndani ya shamba la mahindi. Lakini magurudumu yalitangulia kugusa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika maisha yangu.

Nikatoka kwenda kunywa maji. Niliporudi, mke yumo chumbani na futi yake ya kushonea, anapima kuta. Mimi bado napumua, yeye anapima sanda. Kisha akaangalia chini ya meza. Akazitazama pedali. Akanitazama mimi. Akauliza kama hivyo ndivyo vifungo.

Nikasema ndivyo. Sijui kwa nini. Mfa maji haishi kutapatapa.

Akasema ni vikubwa, atatafuta shule ya watoto wa kimo hicho. Hakugomba. Nikaeleza habari ya kuazima, akakiri kwamba kweli kuazima hakukukatazwa. Akagusa pedali moja kwa kidole cha mguu, polepole, akasema ni ngumu kuliko ya cherehani yake. Nikamshauri kwa heshima asilinganishe ndege na cherehani. Akaenda zake. Upole wake haukunipendeza hata kidogo.

Nimempigia simu mfamasia kumwalika kesho. Namtaka aone kwa macho yake. Namtaka aumie.

Jumapili, 13 Aprili



Baba mkwe alifika saa nne kamili. Ni dereva mstaafu wa malori. Aliikagua ndege kama anayetaka kuinunua: honi iko wapi, breki ya mkono iko wapi, na mbona kasha limetobolewa. Nikaanza kumweleza tofauti ya kadi za picha, nikafika mbali kidogo, hadi kwenye usukani ambao ningekuwa nao laiti binti yake angeruhusu viwili. Mzee akasema mchagua jembe si mkulima. Mke akacheka kwa muda mrefu kuliko methali ilivyostahili.

Mfamasia hakuwa amefika. Hatukumngoja. Mzee upande wa kushoto, mke upande wa kulia juu ya kigoda cha jikoni, mimi katikati, mgongo mlangoni, nyayo ukutani. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Nikapaa.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Nakipenda kile chumba. Stoo hakuna anayeniuliza chochote ila makopo yamebaki mangapi. Mle ndani sauti ya mnara wa kuongozea ndege huniita Kapteni na kunipa ruhusa ya kutua, na hata kama ni sauti ya mashine, hunipa ruhusa mimi. Nilitaka nisikinyimwe.

Na nilikuwa natua! Uwanja mbele, umenyooka. Magurudumu yako nje. Mzee amesogea, amekamata ukingo wa meza, anabana breki asiyokuwa nayo. Mita hamsini. Arobaini. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote kunyoosha pua.

Sasa, mlango wa chumba cha nyuma unafungukia nje, koridoni. Jambo hilo nalijua tangu tulipohamia.

Mfamasia hakubisha hodi. Anasema alibisha, lakini nilikuwa na vipokea sauti. Alifungua mlango taratibu, kwa adabu zote, akiwa na kofia yake ya kapteni kichwani. Nikaondoka. Nilimpita mfamasia. Nilipita bafu. Nilipita jokofu. Mnara ukaniruhusu kutua nikiwa koridoni, waya ukachomoka, nikatia nanga kwenye ndoo ya deki.

Chumbani, ndege haikuwa na mtu. Mzee akapiga kelele shika, mwanangu, shika! Mke akasogeza kigoda chake hatua moja. Mkono kwenye mausi, mguu peku kwenye pedali. Hakukanyaga. Aliigusa tu, akaachia, akagusa, akaachia, kama anapitisha pindo kwenye kola. Nikafika mlangoni kwa miguu yangu wakati magurudumu yanagusa lami. Yote matatu. Ndege ikatembea, ikapungua mwendo, ikasimama katikati kabisa ya mstari mweupe.

Mzee alikuwa na machozi. Mfamasia akavua kofia na kumwita mke wangu Kapteni. Bila hata kumwomba!

Nikadai kwamba masharti yametimia: ndege imetua, mbele ya mzee, ndani ya chumba changu. Mzee akaniuliza wakati inatua mimi nilikuwa wapi. Nikasema kazini. Akasema hata yeye hajawahi kulipwa kwa safari ambayo lori lilifika na yeye hayumo.

Jumatatu, 14 Aprili

Cherehani imeingia saa moja asubuhi. Mimi ndiye niliyeibeba.

Ndege imehamia koridoni, kati ya bafu na jokofu. Kila anayekwenda kuoga anapita katikati ya uwanja wangu. Mke anarusha nusu saa jioni, baada ya kazi, kupumzisha macho. Leo ametua mara mbili, mara moja kwenye mvua. Mzee amepiga simu akitaka apelekwe ziwani wiki ijayo, na amebainisha dereva anayemtaka.

Vifungo nimenunua. Kilo moja, vya kweli. Alivipokea vizuri, akasema hata hivyo rangi si ya shule ile.

Alhamisi, 17 Aprili

Rufaa imekubaliwa! Mke ameona ninavyonyong'onyea koridoni, akanipa nafasi. Amesema shida yangu ni mguu, nakanyaga kama naua mende. Nikikaa kwenye cherehani yake nikashona mstari mmoja ulionyooka, mmoja tu, chumba kitakuwa changu kila Jumamosi mchana kutwa. Akanipa kaptula ya sare. Akanionyesha. Mguu uguse, kitambaa kipite, polepole. Akasema nisiwe na haraka, cherehani inanisikia.

Nikaketi. Nikagusa. Cherehani ikaruka kama imeona nyoka. Nilianzia kwenye pindo la mguu wa kulia, nikapanda, nikavuka mfuko, nikaufunga mfuko, nikaendelea. Tulipozima umeme, kaptula ilikuwa imeshonwa pamoja na mkono wa shati langu, na nilikuwa nimo ndani ya shati. Mke ameniambia niketi nitulie, akaanza kunifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Nilipata muda mrefu wa kuitazama ile mashine kwa karibu.

Na sasa nimeelewa! Kumbe mwanamke wa watu anateseka na kitu cha kizamani namna hii! Mota ni dhaifu, taa ni ya kibatari, pedali haina hata springi ya pili. Hakuna binadamu angeshona mstari ulionyooka kwa chombo hicho. Nimemwambia kwamba kesho nitaulizia mota mpya, au sindano za chuma kigumu, au meza pana zaidi, bado sijaamua ipi ianze. Ameacha kufumua. Amenyoosha kidole, kimoja, kuelekea koridoni, na mkono wangu mmoja bado umo ndani ya kaptula.