Hotuba ya Subimol Kabla ya Wimbo

Kolkata nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuimba wimbo wa Kibengali unavyotakiwa. Mtu huyo alikuwa Subimol Lahiri! Aliyesema hivyo nani? Subimol Lahiri. Sisi wengine, mamilioni yetu, tulikuwa tunapiga kelele tu.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha nyimbo za Kibengali pale chuoni. Madhurima alipiga kinanda, mimi ngoma za tabla. Subimol alikuwa na kila kitu cha msanii isipokuwa usanii: shali shingoni mwezi wa Agosti, jasho chapachapa, na macho ameyafumba tangu anatoka bwenini. Mara mbili alijibamiza kwenye nguzo ya maktaba. Akasema ni hisia!

Daftari la maneno ya nyimbo hakutaka hata kuliona.

"Mwimbaji wa daftari ni sawa na bwana harusi anayekuja na picha ya bibi harusi asije akamkosea! Mimi nyimbo ziko damuni."

Haya. Mkuu wa kitivo, Profesa Bagchi, akatuita.

"Vijana wa mchezo wa keram wanakitaka chumba chenu cha mazoezi. Sikukuu ya mvua Jumamosi nawapa dakika arobaini. Watu wakifurahi, chumba chenu. Wasipofurahi, ubao wa keram unaingia."

Chumba kile ndicho pekee chenye feni. Tukikikosa tukafanyie wapi mazoezi, chooni?

"Kaka Subimol, tuimbe tu," Madhurima akamsihi. "Nyimbo sita, basi."

"Dada, watu hawarushiwi wimbo kama mfupa! Lazima waandaliwe."

Ni ugonjwa wetu Wabengali, sikatai: wimbo hauimbwi mpaka usemewe kwanza. Lakini huwa ni maneno mawili matatu, jamani!

Jumamosi ukumbi ulifurika. Niliwaalika hata vijana wa keram wenyewe, kwa ahadi ya sambusa za viazi na chai. Wakakaa nyuma kabisa na kinara wao, Bhombol, na kandambili zake.

Subimol akashika kipaza sauti, akafumba macho.

"Mvua," akasema. "Mvua ni nini?"

Tumekwisha! Dakika ya kumi alikuwa bado kwenye wingu. Dakika ya ishirini akaingia kwenye upweke wa chura. Madhurima akabonyeza kinanda kumzindua. Yeye akadhani anasindikizwa, akapamba moto! Bibi mmoja wa safu ya mbele akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, tuliambiwa kuna kuimba."

Alipoanza kuimba zilibaki dakika nne. Ubeti wa kwanza ukatoka, tukashukuru. Ubeti wa pili... kimya. Akarudia wa kwanza. Akarudia tena! Tukazunguka naye kama mbuzi aliyefungwa kambani, na bado macho kafumba. Nilitamani ardhi inimeze na tabla zangu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, safi, haina haraka. Bhombol! Kaudaka ubeti wa pili, na wenzake wakamfuata. Wimbo ule kila mtoto wa Kolkata hufundishwa na mama yake kwa lazima, Jumapili asubuhi, kabla hajaonja luchi, vile vimkate vyetu vya kukaanga! Akina mama wakadakia, wapishi wa sambusa wakadakia, ukumbi mzima ukaimba. Nikapiga tabla mpaka vidole vikawaka moto. Nililia, sifichi.

Profesa Bagchi akapanda jukwaani akifuta miwani.

"Chumba kitabaki cha waimbaji."

Subimol akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mkono kifuani.

"Bhombol, njoo uchukue ufunguo," profesa akaendelea. "Ubao uingizeni, lakini mwimbe. Wa kinanda na wa tabla mtabaki nao."

Hapo ndipo Subimol alipofumbua macho.

"Na mimi, mwalimu?"

"Wewe, mwanangu, umesema dakika thelathini na sita na hujafika popote. Kuimba kunakuchelewesha bure. Kagombee uongozi wa wanafunzi!"

Akagombea kweli. Akapata kura moja, na mimi na Madhurima tumeshaulizana: si yetu.