Lebo za Siri za Kwaya

Jumatatu, 1 Juni
Papa Wenceslas, rais wa kwaya yetu hapa Katoyi, amejipangia tena kiti cha mbele kwenye lori la kutupeleka kuimba Kalengera. Sisi wengine nyuma, tule vumbi. Eti ni haki ya rais. Basi! Uchaguzi ni Jumapili, na kiti hicho kitakuwa changu. Nimeijengea kwaya "wiki" kwenye kompyuta, yaani daftari la kurasa zilizounganishwa: kila mwimbaji na ukurasa wake, kila ukurasa na lebo zake. "Soprano", "besi", na kadhalika.

Jumatano, 3 Juni
Nimeongeza lebo chache za siri, za kampeni tu. Mama Ernestine: "sauti ya mbuzi". Papa Wenceslas: "anasinzia misani". Ukweli mtupu!

Ijumaa, 5 Juni
Fabiola, anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, amepita kunionya. Kuna amri mbili za kuchuja zinazofanana. Tagging huiuliza lebo: nani wamekubeba? Tags humuuliza mtu: umebeba lebo gani? Nijaribu kwanza nyumbani, anasema. Mtoto wa juzi! Nimemshukuru sana na kulala mapema.

Jumapili, 7 Juni
Aibu! Mbele ya kwaya nzima nilitangaza kwamba masoprano wote watatokea ukutani, kwa projekta. Nikawachagua waimbaji wote, nikaweka tags, maana ni fupi. Hakuna jina hata moja lililotokea. Lebo tu, kubwa kama mlango: "soprano", "besi", "sauti ya mbuzi", "anasinzia misani".

Bila majina, nikadhani nimepona. Mama Ernestine akasimama mwenyewe. "Papa Julien, ni mimi niko na sauti ya mbuzi?" Nani alimwambia ni yeye? Kicheko kilimwamsha Papa Wenceslas, akauliza kuna nini.

Amechaguliwa tena. Mimi nimepata kura moja, na mwandiko wake naujua vizuri.

Jumanne, 9 Juni
Kalengera, kwenda na kurudi, nyuma ya lori. Nimekumbatia ngoma. Mama Ernestine alijiweka karibu yangu makusudi, akaimba njia nzima sikioni mwangu. Lebo ile ilikuwa ya haki kabisa.

Fabiola ameniuliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa sana: kompyuta ile ina wivu. Habari njema ni kwamba Padri Rémy amesikia juu ya wiki, anataka niionyeshe parokia nzima Jumapili. Nimeshamfungulia ukurasa wake. Lebo: "mahubiri marefu". Ni ya siri.