Mazoezi Thelathini na Sita ya Kwenda Mbekenyera

Jumatano, 6 Agosti 2025

Habari kubwa! Raudha kapiga simu kutoka kwao Mbekenyera. Mjomba wake, Mzee Amri, amekubali kuniona. Posa yangu baba yake alishaikubali tangu mwezi wa tano, lakini kwao neno la baba bila la mjomba ni barua isiyo na muhuri. Mjomba ndiye mwenye mpwa. Akisema hapana, nimekwisha.

Tatizo ni moja. Mzee Amri haulizi kazi wala elimu. Anatoa jembe. Jumamosi ya tarehe 16 natakiwa shambani kwake kupalilia mikorosho mbele ya ukoo mzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mzee siku mbili za mwanzo kazifuta!

Tatizo la pili (nilisema ni moja, nimekosea): Faridi naye kaitwa. Faridi mwenye mashine ya kusaga kule Nambambo. Kapeleka posa kama mimi. Shingo yake kama kinu. Mimi nina duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti hapa Nachingwea mjini. Mzigo mzito niliowahi kubeba ni rimu mbili za karatasi, tena kwa kupumzika njiani.

Raudha kashauri niende Jumamosi hii, wiki moja kabla ya siku yenyewe, anifundishe kushika jembe. Anasema saa mbili tu zinatosha, ipo namna ya kuliacha jembe lifanye kazi kwa uzito wake. Nimekataa. Mwanaume hafundishwi jembe na mchumba! Nina mpango wangu. Kesho naanza jimu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jimu yenyewe ni banda la mabati nyuma ya soko. Vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mwalimu ni Kocha Eustace, mtu mpole mwenye mikono ya kutisha. Nikamuuliza nifanye kwa muda gani na mara ngapi. Akasema mtu mgeni aje mara tatu kwa wiki, dakika arobaini, asizidi saa moja, na siku za katikati apumzike, maana mwili hujengeka ukiwa umelala. Nikauliza matokeo ni lini. Miezi mitatu, kasema. Bandu bandu huisha gogo.

Miezi mitatu! Kwa wakati huo Faridi atakuwa kishaoa, mimi ndiye ninayewapiga picha.

Nikarudi dukani, nikatoa kikokotoo. Wiki kumi na mbili, mara tatu kila wiki, ni mazoezi thelathini na sita. Kuanzia leo mpaka Ijumaa ijayo ni siku tisa. Thelathini na sita gawanya kwa tisa ni nne. Mara nne kwa siku! Inagawanyika bila baki! Nashangaa watu wazima wa Nachingwea wanasubiri miezi mitatu wakati jibu liko kwenye simu zao. Shida yao si nguvu. Ni hesabu.

Leo nimemaliza manne. Mawili kwa Kocha, asubuhi na jioni, nikiwa nimebadilisha fulana asinitambue. Mawili nyuma ya duka, kwa rimu za karatasi. Najiona simba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima! Ishara njema. Nimeamka na maumivu matamu.

Jioni Faridi kapita jimu kumletea Kocha unga. Kanikuta nahangaika na chuma. Akakiinua kwa mkono mmoja, akakisogeza pembeni apate pa kuweka mfuko wake. Hata hakukitazama! Kisha kaniuliza, kwa adabu zote, huwa nafanya kwa muda gani kwa siku. Nikasema saa nne. Akasema yeye hubeba magunia mpaka wateja waishe, halafu analala. Mshamba.

Kocha alizisikia zile saa nne. Akanitazama sana. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nimelala. Mazoezi kumi na sita tayari. Mapaja yamegoma. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa niliweza, kwa kuanguka. Kuinuka ndiyo kazi! Nikakaa humo nikiguna mpaka Mama Marietha, mwenye nyumba wangu, akauliza kama ni mimi au mbuzi wake kaingia. Akanipitishia mchi juu ya mlango nijiinulie. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mpangaji wake ana baridi yabisi.

Jana Raudha alipiga simu. Yuko shambani na majembe mawili, alidhani labda nitabadili mawazo. Nikamwambia nina fomu za wanafunzi za kuchapa. Akasema kama sitaki kuja niseme sitaki, asichomwe na jua bure. Ukweli ni kwamba nilitaka sana. Hata kukaa tu pembeni nimwangalie. Lakini zoezi la kumi na moja lilikuwa linanisubiri, na mpango ni mpango.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefukuzwa jimu!

Kocha kaja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Kanikuta nyuma, nimelala chali, rimu sita juu ya kifua, nashindwa kuzitoa. Akazitoa. Akauliza hili ni zoezi la ngapi leo. La tatu. Na jana? Manne. Akakaa kwenye benchi la wateja, akashika kichwa. Kasema chuma hakimjengi mtu, chuma kinabomoa. Kinachojenga ni chakula na usingizi. Mimi kila siku nabomoa nyumba na fundi sijamwita. Nisikanyage bandani kwake mpaka nipumzike siku saba kamili.

Siku saba! Mzee Amri naye atanisubiri? Nashuku Faridi kamhonga kwa ule unga.

Biashara nayo inayumba. Mikono haifiki usawa wa macho. Leo nimewapiga walimu watatu picha za pasipoti, zote zimetoka vifua. Mmoja kasema angalau tai yake imeonekana vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti

THELATHINI NA SITA! Nimemaliza saa kumi na nusu jioni, peke yangu, bila shahidi, bila makofi. Miezi mitatu kwa siku tisa! Mikono imekunjika kwenye viwiko na haitaki kunyooka, kama mtu aliyebeba beseni. Hiyo ni nguvu. Imejaa mpaka haina pa kwenda.

Mama Marietha kaninywesha uji kwa kijiko. Kisha kaleta ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, akanimenyea na kunitilia mdomoni. Kasema angekuwa yeye angempigia Raudha simu leo hii amwambie ukweli. Mwanamke aliyekusubiri juani na majembe mawili, kasema, huyo hatafuti misuli. Mama wa watu hajui hesabu.

Naogopa, niseme kweli. Nikimkosa Raudha sitapata mwingine anayeanza kucheka kabla sijamaliza kichekesho.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kalamu ikiwa mezani na mimi nimeinama kuifuata.

Asubuhi nilipanda kosta mpaka Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Mbekenyera. Mikono haikuweza kumshika dereva wala kushika nyuma, nikamwegemea mgongoni kwa kidevu. Kila tukipita shimo aliuliza nimesema nini.

Mzee Amri ni mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Nikamwamkia. Nikatoa mkono, ukaishia usawa wa kiuno. Akaufuata hukohuko. Faridi alishafika, na jembe lake mwenyewe, mpini unang'aa. Tukaonyeshwa mistari ya mikorosho, kila mtu wake. Tukaambiwa tuanze.

Faridi akawaka kama mashine yake. Nyasi zinaruka! Mimi jembe likapanda mpaka gotini, likarudi. Likapanda tena, likaishia kwenye ugoko. Nyasi hazikukatika, zilipapaswa tu. Kwenye mstari wa jirani alikuwa Bibi Mwanaima, bibi yake Raudha, miaka sabini na ushee. Akanipita. Akafika mwisho, akageuza, akanipita tena akirudi. Mara ya tatu akasimama akanipa pole.

Ndipo Raudha akaja na jembe lake, akaanza kupalilia mstari wangu kutokea upande wa pili. Hakucheka. Yule anayecheka kwa kila kitu! Hilo liliniuma kuliko mikono. Niliona aibu, nikataka kulia, na hata machozi nisingeweza kuyafuta.

Mchana tukaitwa mkekani. Ugali wa muhogo, kisamvu, na kuku. Mama yake Raudha alikaa mlangoni pa jiko, upande, shela usoni, kama ilivyo kwa mama mkwe. Faridi akamaliza sahani ya kwanza. Akamaliza ya pili. Ya tatu akaomba mchuzi uongezwe, na akauliza kama lile paja lina mwenyewe. Mimi nilikuwa na njaa ya kufa. Nikamega tonge. Likafika katikati ya safari, mkono ukagoma. Nikalirudisha. Nikajaribu tena. Likagoma palepale. Kuinamisha kichwa kwenye sahani kama kondoo nikaona haifai. Nikanawa, nikasema nimeshiba.

Bibi Mwanaima akasema kitu kirefu kwa Kimwera. Wazee wote wakaguna wakitikisa vichwa. Nikajua nimekwisha. Raudha akanitafsiria, mdomo ukimtetemeka: bibi anasema tangu mume wake afariki hajaona tena kijana anayejua kumwonea haya mama mkwe. Siku hizi wanakula mbele yake kama wako mgahawani. Huyu kagusa chakula mara mbili kwa heshima, akakirudisha.

Nikainamisha macho. Kwa haya.

Mzee Amri akainuka. Akaenda kukagua mistari. Kwenye mstari wa Faridi akaokota miche mitano ya mikorosho, imekatwa pamoja na nyasi. Akarudi nayo mkononi, akaipanga juu ya mkeka mmoja mmoja. Akamshukuru Faridi kwa nguvu zake na kumtakia safari njema. Faridi akaondoka na pikipiki yake. Kunipungia alinipungia, sina la kumsema.

Kisha zamu yangu. Mzee kasema adabu ameiona, kazi hajaiona. Shambani imebaki mistari minane. Nije kila Jumamosi, mstari mmoja tu, nisizidishe, miche isiumie. Mistari minane, Jumamosi nane. Kasema hatafuti mtu wa nguvu. Anatafuta mtu ambaye akiondoka anarudi. Mstari wa nane ukiisha ndipo tutazungumza.

Raudha akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Kasema kila Jumamosi atakuwepo, atanionyesha jembe linavyoshikwa, tutalima tukiongea mpaka mstari uishe. Halafu akacheka! Kicheko chake chenyewe. Kasema mkono wangu ulipoganda na lile tonge alijing'ata kidole asipasuke. Anajua yote. Mama Marietha alimpigia simu Ijumaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimetafakari. Mpango umefanikiwa! Bila mazoezi thelathini na sita ningekula. Ningekula, nisingesifiwa. Faridi hakuwa na ratiba ya jimu, na tazama alipo leo. Nitamwandikia Kocha barua ya kumshukuru, pamoja na marekebisho ya zile dakika zake arobaini.

Kocha mwenyewe nimempigia. Kasema nisishike jembe kabla ya kupumzika mara saba, yaani siku saba, kila siku usingizi wa kutosha. Nimeshamaliza. Leo nimelala mara saba, dakika ishirini ishirini, kwa saa ya kuamsha. Mpaka saa tisa alasiri nilikuwa siku ya nane.

Sasa suala la Mzee Amri. Mzee mzuri, lakini kikokotoo hana. Jumamosi nane za nini? Nikiingia shambani saa kumi na mbili alfajiri na kutoka saa kumi na mbili jioni, ni saa kumi na mbili. Gawanya kwa mistari minane, ni saa moja na nusu kila mstari. Nachukua taa ya kichwani kwa dharura. Jumamosi hii hii kazi yote inakwisha! Raudha asikae karibu, ataniongelesha, tutachelewa.

Nimempigia simu kumpa habari njema. Nikamweleza kwamba Jumamosi saba zilizobaki yuko huru, hatalazimika kuja shambani kukaa na mimi. Akaniomba nirudie. Nikarudia, polepole, na hesabu yote.

Amekata simu. Kuna furaha ambayo haina maneno.