Mayai, Wifi na Sanduku la Bati

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa sababu humu ndani nikisema naambiwa napiga kelele. Karatasi haina mdomo wa kunijibu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini akili sikuiacha huko.

Mwoka mikate kanivunjia heshima! Mayai ya juzi niliyapakata mwenyewe kwenye pikipiki, mjukuu wangu akiendesha, yakafika nusu mayai nusu uji. Mashimo ya barabarani hayaoni, anaona mapaja yangu tu. Kasema Jumamosi ana keki ya harusi, na mayai yakifika tena vile, atahamia kwa wifi yangu moja kwa moja.

Wifi yangu! Dada wa marehemu mume wangu. Tunapakana ukuta. Kuku kaanza kufuga juzi juzi, kaniiga mpaka rangi ya banda. Ana pikipiki ndogo kama yetu, anaendeshwa na mkwewe, na nyuma kuna sanduku jeusi la plastiki lenye kufuli. Analifuta kila asubuhi kama mtoto mchanga. Kanitumia salamu kwamba anaweza kunibebea na yangu. Nikamjibu bora niyale na maganda.

Mjukuu wangu huyu namwita mke mwenzangu, maana kisirani chake ni cha uke wenza kabisa. Anasema mwoka mikate akituacha, kuku itabidi waende, chakula chao hatutakiweza. Sawa. Na mimi nitakuwa nani? Bibi wa kuwekwa uani na kuulizwa kama amekula?

Thubutu! Lipo sanduku lake la bati alilokwenda nalo bweni. Litapanda kwenye keria ya pikipiki. Nimeshaamua.

Jumanne, 5 Machi

Nimelifunga sanduku kwa mipira ya tairi kuukuu. Nimevuta mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Mke mwenzangu akasema mpira unanyumbuka, bibi, litateleza hili. Nikamwambia na wewe nilikufunga mgongoni kwa kanga laini, ulianguka? Akasema ndiyo, na kovu analo.

Majaribio tukafanya kwa viazi. Mimi si mjinga wa kujaribia mayai. Tukafika kwenye kona ya mshona viatu. Pikipiki ikakata kona. Sanduku likaenda moja kwa moja! Viazi barabara nzima. Mshona viatu akapaza sauti kwamba jamani, bibi katotoa.

Jioni wifi akaleta kiazi kimoja kilichobingirika hadi mlangoni kwake. Kimeoshwa. Kwenye sahani. Na kawa juu! Huo si uungwana, hayo ni matusi.

Jumatano, 6 Machi

Kwa fundi pikipiki. Ana kipaji cha kuongea huyo, kazi anaifanya katikati ya maneno. Kasema sanduku litobolewe chini, liwekewe bati nene, kisha bolti na raba lisipige kelele. Sikumpinga, ndivyo ningefanya mwenyewe.

Kwanza akalipeleka nyuma kabisa. Tulipopanda tu, tairi la mbele likanyanyuka. Mke mwenzangu kashika usukani, anatazama mawingu. Mimi nimekumbatia sanduku kama mchumba. Hapana! Nikaamuru lisogezwe mbele, lilalie kiti kidogo, uzito uje kati.

Fundi akaanza kwamba bibi, hiki kiti sasa... Nikamkata. Nimekuja kwa habari ya sanduku, sikuja kwa habari ya kiti. Akaanza tena. Nikamwuliza kama na mama yake humjibu hivyo. Akainamia bolti zake. Mke mwenzangu nikamtuma rangi, nikabaki kumsimamia fundi. Nati zote nikamwambia azichomelee, zisifunguke milele. Wifi namjua, spana haimpiti.

Mke mwenzangu aliporudi na rangi, akashika kichwa. Akafungua mdomo aseme habari ya kiti, na yeye! Nikawatangazia wote wawili: neno kiti ni marufuku. Atakayelitamka atafute bibi mwingine. Fundi akasema yeye si mjukuu wangu. Nikamwambia ashukuru.

Ijumaa, 8 Machi

Sanduku jekundu! Linang'aa mpaka kuku wanalishangaa. Nikamwambia mke mwenzangu tulitembeze lizoee. Akasema mafuta ni ya kwenda na kurudi kesho tu, tusiyachezee. Nikamwuliza mafuta yananunuliwa au yanaokotwa? Akasema yananunuliwa, bibi, shida ni ile, ile ya kukalia. Nikamwambia basi akae vizuri twende.

Tukapita kwa wifi. Hakuwepo nje. Tukapita tena. Dirisha likafunguka. Tukaenda hadi sokoni, tukarudi, tukapita mara nyingine nikiwa nimenyoosha shingo. Mimi nimebanwa kati ya mjukuu na sanduku, pumzi naivuta kwa zamu, lakini nimetulia kama malkia.

Wifi akatoka. Akalitazama sanduku mbele, akalitazama ubavuni, akainama. Kisha akacheka! Akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkwewe aje naye aone. Wivu huo. Mtu akizidiwa hucheka.

Jumamosi, 9 Machi

Sina nguvu za kuandika. Naandika.

Mayai tuliyapanga kwenye trei, maranda ya mbao kila upande. Barabara ikaruka, sanduku likatulia tuli. Sikusikia hata yai moja likilalamika. Nikaimba.

Karibu na kituo cha mafuta pikipiki ikakohoa, ikazima. Mke mwenzangu akasema ni mafuta, bibi, safari zako za jana hizo. Nikamwambia na kituo si kile pale? Akasukuma, na mimi nikasukuma kwa mdomo.

Mwenye pampu akaja na mpira wake mkononi. Akasema fungueni kiti.

Kiti!

Mke mwenzangu akanitazama. Akasema yeye neno hilo kakatazwa kulitamka. Kumbe mdomo wa tangi uko chini ya kiti! Miaka yote hii nimeukalia. Akafungua kifungo, kiti kikanyanyuka upana wa kidole, kikagonga sanduku. Kikagoma. Sanduku halisogei, nati nilizichomelea mwenyewe kwa amri yangu.

Watu wakajaa. Mmoja akasema tupitishe mrija. Mwingine akasema tulaze pikipiki. Mzee mmoja akasema tuikojoze kwanza, sikuelewa, nikamfukuza. Mwenye pampu akasema hapitishi mafuta kwenye tundu la panya, kituo kitaungua, tusogee. Na keki inasubiri! Nikaona kuku wangu wanabebwa miguu juu. Machozi yalitaka kutoka, nikayarudisha.

Nani anaingia kituoni? Wifi. Mkwewe akashuka, akafungua kiti chao, paa, kikafunguka mpaka juu kama kinywa cha kiboko. Wakajaza. Wifi akaniambia wifi, lete nikubebee, nafasi ipo. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikamwambia nakwenda kwa miguu, trei kichwani. Nikageuka kuzichukua. Hazipo! Mke mwenzangu kashazihamisha zote kwenye sanduku jeusi, kaniambia bibi, baadaye utanichapa. Wakaondoka wote watatu. Nikabaki mimi na sanduku langu tupu, na yule mzee.

Jumapili, 10 Machi

Pikipiki tuliisukuma hadi nyumbani, lakini mayai yalifika mazima yote. Mwoka mikate kamtuma wifi anipe hongera, mayai yangu yana kiini cha dhahabu, ataendelea nayo, mradi yaje kila Jumamosi ndani ya sanduku jeusi. Kuku wanabaki.

Mke mwenzangu kaniamuru nikashukuru. Nikaenda. Nikamwambia wifi ahsante, na kwamba sanduku lake limekaa upande kidogo. Akasema karibu chai. Nikanywa. Chai yake maji matupu, nikaongeza kikombe kuhakikisha.

Lakini kila Jumamosi, mayai yangu, nyuma ya makalio ya mkwe wa mtu? Haiwezekani. Mke mwenzangu anataka kesho fundi alikate sanduku. Likatwe lile, na rangi ile! Nimekaa nimefikiri. Kosa halikuwa la sanduku. Kosa ni la aliyetengeneza pikipiki, kaficha mdomo wa tangi kama mwizi. Kiti ndicho kinachozuia, basi kiti ndicho kikatwe. Tundu moja tu katikati, mafuta yaingie kutoka juu. Kila mtu atashangaa hakulifikiria.

Mke mwenzangu kaenda kusukwa nywele. Seremala kaniazima msumeno, nimemwambia ni wa mti.

Nimeanza. Ngozi imekubali, sponji inakatika kama mkate. Nimepumzika kidogo niandike. Chini ya sponji kulikuwa na plastiki, nayo imekubali. Sasa msumeno umegonga kitu kigumu, cha bati, kina mlio wa utupu ndani. Sikijui. Hakinitishi. Nakikata nacho.