Kuhusu Ndege Yangu ya Povu na Adhabu Niliyopewa Bila Haki

Ndugu Mwenyekiti Burdette Hauge,
Klabu ya Ndege za Rimoti, Vennes, Dakota Kusini.

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ambaye hakuomba ushauri wa kamati alipomuumba mbayuwayu. Ni mimi, Orval Tveit, mpokea sadaka wa kanisa letu, yule wa kiti cha tatu kutoka kwenye birika la kahawa hapo uwanjani.

Nalalamikia adhabu ya kunifungia hadi majira ya kuchipua, na nakuomba uiondoe kabla ya Jumamosi. Usinione mtoto, Ndugu Mwenyekiti. Tangu ghala la nafaka linistaafishe, Jumamosi ndiyo siku pekee ninayoitwa jina na wanaume wenzangu, hata likiwa jina baya.

Malalamiko nimeyapa namba ili Duane Klemp, mkaguzi wenu, asipotee njiani.

1. Dharau. Siku nilipoileta ndege yangu, ile ya kuchezea watoto, ya povu gumu kama lile wanalofungia televisheni, Duane alipaza sauti mbele ya akina mama: "Orval, bwana wee, sanduku la barafu umelileta, bia umeiacha wapi?" Wakacheka hata wasiosikia vizuri. Nilimsamehe palepale. Tangu hapo namsamehe kila siku, siku nyingine mara mbili.

2. Gundi. Huyohuyo alinishauri, kwa uso wa shemasi, nitumie ile gundi kali mnayogundishia mbao. Ikaila pua ya ndege kama panya aliyeona jibini. Nikalazimika kuchonga pua mpya kutoka kwenye kifuniko cha sanduku letu la barafu, la povu lilelile, hivyo mzaha wake ukageuka kweli, na hilo nalo naliandika kwenye deni lake. Nikakata mkia ili upate kucheza, nikaufunga bawaba za utepe wa gundi, nikatia mota mbili ndogo za kuuchezesha, betri yake nikaifunika puani kwa utepe uleule, na vya kuuvuta mkia vikawa vijiti vya mishikaki vya mke wangu Marlys. Bawa lililegea, nikalikaza kwa sindano yake ya kufumia. Alisema tu, "Haya, mzee wangu. Sweta yako basi itaishia kwapani."

3. Ukaguzi. Kanuni yenu inasema mkaguzi aishike ndege, mwenyewe asukume vijiti vya rimoti, wote wawili waone mkia ukicheza. Nilimpelekea Duane. Hakuweka chini hata kikombe. "Mimi nakagua ndege, ndugu yangu. Hiyo ipeleke jikoni." Akatia saini huku akitazama jeli ya kijani kwenye meza ya vyakula vya akina mama. Karatasi ninayo, nimeiambatanisha. Mtu anayetia saini asichokiona, siku ya hukumu atasema nini?

4. Ushindi. Siku ya mashindano ya kukaa hewani, ndege zenu za mbao zilishuka moja moja, kama waumini wanaotoroka mahubiri marefu. Yangu nikaitupa kutoka kilimani, ikadaka hewa moto juu ya shamba la soya, ikapanda ikizunguka kushoto. Dakika kumi na moja! Nilishika rimoti kwa mikono miwili, naomba. Nikisukuma kushoto, inakwenda kushoto. Nikisukuma kulia, inaendelea kushoto, maana ndege iliyoundwa vizuri humjua rubani anapokosea. Hata Duane alikuja kusimama nyuma yangu: "Polepole, Orval! Usiivute! Hapohapo, kaka, hapohapo!" Hajawahi kuniita kaka.

5. Kutua. Ikatua juu ya ndege yako, Ndugu Mwenyekiti, uliyoijenga misimu miwili ya baridi, ikaivunja bawa. Pole sana. Lakini mmeandika kwamba "hakuwa na udhibiti wa ndege". Hilo nalikataa mbele ya Mungu na wanadamu. Ama nililenga mimi, basi mimi ni bingwa na nastahili utepe wa mshindi wa kwanza. Ama alilenga Mungu, na klabu haina kamati ya kumfungia.

Kwa hiyo naomba adhabu ifutwe, utepe uletwe, Duane apumzishwe ukaguzi na nafasi yake nipewe mimi, niwafundishe wenzangu udhibiti. Tena mbao zipigwe marufuku uwanjani, kwa usalama: bawa lililovunjika lilikuwa la mbao. La povu halikupata hata mkwaruzo.

Nisalimie mama watoto, wazee wote wa birika, na akina mama wa jeli. Duane naye msalimie, kwa kiasi.

Wako, ardhini kwa sasa,
Orval Tveit

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikabandua utepe wa gundi wa puani mwa ndege ili nichaji betri. Imejaa tele, kama nilivyoiweka. Waya wake haujachomekwa. Siku ile haukuchomekwa kabisa; rimoti niliisukuma bure. Marlys ameniuliza, "Utamwambia?" Basi nakuambia. Utepe wa ushindi sitaki, na adhabu ni halali yangu. Bawa lako nitakuja kulitengeneza, kwa gundi ileile kali. Niruhusu tu nije nikae kwenye kiti changu. Ila Duane usimwambie bado. Jana nje ya kanisa alikuwa akiwasimulia watu jinsi alivyoniongoza dakika zote zile hadi ikatua. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, nami sikuuondoa.